Mili Moja Ukiigawa Mara Elfu

Shafti ililetwa ndani ya kiroba cha sembe, imeviringishwa kipande cha kanga kuukuu kama mtoto mchanga. Mwenyewe ni mama mmoja mwenye mashine ya kusaga huku kwetu Tanga. Baada ya shikamoo na marahaba aliilaza juu ya meza yangu ya kazi, akakalia ndoo iliyopinduliwa, akasema: "Fundi, beringi hii ni ya tatu mwaka huu. Naweka mpya, wiki mbili tu kelele zinarudi. Sasa wananiambia mashine imechoka, nitafute nyingine."

"Zile ulizotoa unazo, mama?"

Alikuwa nazo zote tatu kwenye mfuko. Nikazizungusha kidoleni moja moja, pete ndani ya pete na gololi katikati. Mbili zilikuwa nzima kabisa, zinateleza kimya. Ila ukichungulia ndani ya tundu, pale beringi inapokalia shafti, palikuwa pamesuguliwa mpaka panang'aa kama kioo. Hiyo ndiyo dalili. Beringi haikuwa ikizunguka pamoja na shafti. Shafti ilikuwa ikiteleza ndani yake. Nikachukua maikromita, kile kifaa cha kupimia unene, nikapima kikalio, yaani sehemu ya shafti inayokaliwa na beringi: mili (milimita) 24.93. Kilitakiwa kiwe 25 na kichembe.

Tofauti yenyewe ni mili 0.07. Karatasi ya kawaida ya fotokopi ina unene wa karibu mili 0.1. Kilichokuwa kikimla mama yule pesa yake ni nafasi isiyotosha kupitisha hata karatasi.

Wanaofika kwenye kibanda changu cha uani, wakaona mashine ya kukereza, keekee ya kusimama, jiliwa ya kubania kazi na makopo ya skrubu yaliyojaa rafu nzima, huuliza swali lile lile: hivi inalipa? Nitalifikia. Ila kwanza ieleweke mashine ile inauza nini. Haiuzi chuma, maana chuma kinauzwa kwa kilo na wenye mizani wapo kila mtaa. Inauza hizo mili 0.07.

Tatizo linaanzia kwenye jina. "Fundi chuma" ni kapu lililojaa watu wasiofanana, ingawa Kiswahili kimeshawatenganisha zamani kwa vitenzi. Mhunzi hufua: anapasha chuma moto na kukigonga kifuate nyundo. Kazi hiyo hapa kwetu ni ya kale mno. Kule Katuruka, Kagera, wachimbuaji wa mambo ya kale walikuta masalia ya kuyeyusha chuma yenye umri wa miaka 2,000 hivi. Mwingine husubu, yaani huyeyusha chuma au aluminiamu akaimimina kwenye kalibu, kama wanavyofanya wa sufuria nzito za kupikia pilau la shughuli. Wa tatu huchomelea, na huyu ndiye mnayemjua kwa mageti na madirisha. Wa nne hukereza. Watu wa pwani walikijua kitenzi hiki kabla ya mashine za umeme, kwa miguu ya vitanda vya samadari iliyokerezwa ikatoka na mafundo na vishingo.

Kukereza kuna jambo moja la kinyume: kisu kinatulia, kazi ndiyo inayozunguka. Na hapo ndipo tofauti yote ilipo, kwa sababu kitu kinachozunguka mahali pake huku kisu kimesimama hakina budi kutoka mviringo. Mchomeleaji akikosea geti kwa nusu mili, hakuna atakayejua mpaka kiama. Mkerezaji akikosea shafti kwa nusu mili, ameshatengeneza chuma chakavu. Mafundi wa Kamukunji kule Nairobi wanakunja masanduku na majiko kwa nyundo na macho tu, yanatoka mazuri, nami siwezi hata robo ya kazi yao. Sisemi kazi moja ni kubwa kuliko nyingine. Kila ufundi una kiasi chake cha kosa unachoweza kulisamehe, na wa kukereza husamehe kidogo kuliko wote.

Kidogo kiasi gani? Tuikamate beringi ya mama. Imeandikwa 6205. Tarakimu mbili za mwisho ukizizidisha kwa tano unapata tundu la ndani: 05 ni mili 25, 06 ni mili 30, 08 ni mili 40. Ni hivyo kuanzia 04 kwenda juu, na haijalishi imetoka Sweden, Japani au China. Kwa hiyo 6205 ina tundu la mili 25, kipenyo cha nje cha mili 52 na upana wa mili 15. Usiponiamini nenda dukani na vernia, ile rula yenye taya za kupimia.

Lakini hakuna kiwanda duniani kinachotoa mili 25 kamili. Kinachotolewa ni ahadi ya kutokosea zaidi ya kiasi fulani. Kwa beringi ya daraja la kawaida, tundu hilo linaruhusiwa kupungua hadi maikroni 10, na haliruhusiwi kuzidi. Maikroni ni mili moja ukiigawa mara elfu. Upande wa pili, shafti ya kubana beringi kama hiyo kwa kawaida hutakiwa iwe kati ya mili 25.002 na 25.015. Shafti ni nene kuliko tundu, makusudi kabisa. Beringi inaingia kwa kubanwa, na mbano huo ndio unaofanya vitu viwili vizunguke kama kimoja.

Basi ongeza mbano, si ndiyo? Hapana. Ndani ya beringi, kati ya gololi na njia yake, kuna uwazi wa maikroni 5 hadi 20 tu. Shafti ikizidi unene, inaitanua pete ya ndani, uwazi unakwisha, gololi zinakosa pa kupumulia, beringi inachemka na kuungua. Ikipungua, pete inateleza na kuila shafti, kama ilivyokuwa kwa mama. Katikati kuna dirisha la maikroni 13. Unywele wa mtu ni mnene kuliko dirisha hilo mara kadhaa.

Ile shafti ilikuwa na historia nyingine. Kikalio kimoja kilikuwa na vidoti vidoti vya senta panchi (kipande cha chuma chenye ncha, kinachogongwa kwa nyundo), kazi ya fundi aliyetangulia. Mbinu hiyo naijua na nimeshaitumia, Mungu anisamehe. Unapiga vidoti kuizunguka shafti, chuma kinainuka kandokando ya kila kidoti, maikromita inasoma 25 na zaidi, beringi inaingia kwa nyundo, mteja anafurahi. Lakini beringi sasa imekalia vilele vya vidoti, si shafti. Vilele vichache vinabeba mzigo wote, vinasagika, na baada ya wiki mbili uko ulipokuwa. Wengine huzungushia kipande cha kopo la soda. Wengine hujaza kwa kuchomelea kisha wakakereza. Hiyo ina heshima kidogo, ila joto la kuchomelea hupinda shafti na kuacha madoa magumu yanayokwangua kisu. Kwa shafti ndogo kama hii ni afadhali kutengeneza mpya.

Sasa lile fumbo lililonihangaisha miaka. Mashine yangu ni kuukuu, ya Kiingereza, imetoka kwenye karakana ya shamba la mkonge. Mashamba ya huku kuanzia Tanga hadi Korogwe yalikuwa na karakana zao, kwa kuwa korona (mashine ya kutoa nyuzi kwenye majani ya mkonge) ikivunjika shafti huwezi kungoja meli ilete nyingine huku mkonge uliokatwa ukiharibika. Kitanda cha mashine, yaani reli za chuma anamopita mshika kisu, kimelika karibu na kichwa kinachozungusha kazi, skrubu zake zimelegea. Mashine mbovu namna hii inawezaje kutoa maikroni 13? Na ukirudi nyuma zaidi: mashine ya kwanza kabisa iliyonyooka ilinyooshwa na nini, wakati hapakuwa na iliyonyooka ya kuitengeneza?

Jibu ni zuri kuliko swali. Chukua vibao vitatu vya chuma, hakuna hata kimoja kilicho bapa. Paka cha kwanza rangi nyembamba, kisugue na cha pili, rangi itaonyesha vilele vilipo, vikwangue. Rudia mpaka vishikane vizuri. Hapo bado hujapata ubapa, kwa sababu kimoja kinaweza kuwa na tumbo na kingine na shimo, vikakaliana kama bakuli mbili zilizopachikwa. Ndipo unapoleta cha tatu. Kilinganishe na cha kwanza, kisha na cha pili, ukikwangua kwa zamu. Kama kibao kina tumbo, hakiwezi kukaliana na kingine chenye tumbo. Umbo pekee ambalo vibao vitatu vinaweza kuwa nalo vikakaliana vyote, kila kimoja na kila kingine, hata ukivigeuza upande, ni ubapa. Usahihi umetoka kwenye vitu visivyo sahihi, bila kuazima kokote. Joseph Whitworth wa Uingereza aliieleza njia hiyo hadharani mwaka 1840. Alikuwa ameshafanya kazi London kwenye karakana ya Henry Maudslay, ambaye karibu na mwaka 1800 aliunda mashine ya kukereza yenye uwezo wa kukata skrubu zinazofanana.

Zinazofanana ndilo neno. Kabla ya hapo kila nati ilikuwa na bolti yake, kama kufuli na ufunguo. Ukizichanganya umeharibu siku. Mwaka 1841 Whitworth akapendekeza meno ya skrubu yawe ya kipimo kimoja nchi nzima, yenye pembe ya nyuzi 55. Usidhani ni hadithi ya mbali. Bomba la maji la chuma la nusu inchi lililopo nyumbani kwako lina meno ya pembe hiyo hiyo, 14 kwa kila inchi. Pima nje ya meno yake kwa vernia, utaona ni karibu mili 21, si nusu inchi wala haikaribii. Jina limetokana na tundu la mabomba ya enzi hizo, likabaki.

Turudi kibandani. Mashine iliyolika inaweza kutoa kazi safi kwa sababu haitakiwi kuwa sahihi kila mahali. Inatakiwa izungushe vizuri, na fundi ajue inakosea wapi na kwa kiasi gani. Yangu inakereza kwa mteremko: kwenye urefu wa mili 100, upande mmoja hutoka mnene kwa maikroni 20 hivi. Niliigundua kwa kukereza chuma chenye vishingo viwili, kimoja kila mwisho, bila kugusa mpini wa kina cha kisu, kisha nikapima vyote viwili. Nikarekebisha miguu ya mashine kwa vipande vya bati, kwa sababu sakafu ikiinama, kitanda cha chuma kinajipinda nayo, hata kiwe kizito vipi. Mteremko ukapungua, haukuisha. Uliobaki naujua, nao haunisumbui: kikalio cha beringi kina upana wa mili 15 tu, mteremko ndani yake hauzidi maikroni 3.

Chaki nayo (si ile ya ubaoni, ni yale makucha matatu yanayoshika kazi) haishiki katikati kabisa. Kazi inayumba kidogo. Ukikereza upande mmoja, ukaitoa, ukaigeuza na kukereza upande wa pili, unapata vikalio viwili, kila kimoja mviringo mzuri, ila havina mhimili mmoja. Shafti itayumba ndani ya mashine ya kusaga na kuua beringi zote mbili, nawe utalaumu beringi. Ndiyo maana shafti haikerezwi kwenye chaki. Unatoboa kishimo chenye umbo la pia kila mwisho, unaibana kati ya ncha mbili za senta, unaizungusha kwa kikono. Sasa unaweza kuitoa na kuirudisha mara kumi. Kila inaporudi inazunguka kwenye vishimo vile vile. Mbinu ni ya zamani kuliko umeme.

Mzee aliyenifundisha, mstaafu wa karakana ya korona, hakuniruhusu kugusa mashine miezi miwili. Alinipa kipande cha chuma, tupa na pembe mraba, akasema nitoe mchemraba. Niliupiga tupa mpaka viganja vikaota sugu, nikiuweka juani na kuangalia mwanga unaopenya kati ya chuma na pembe mraba. Siku moja akauchukua, akautazama, akautupa kwenye ndoo ya chakavu. "Sasa umeshaona mwanga," akasema. "Kesho njoo na suruali isiyo na kamba."

Kamba alizisema kwa sababu ya usalama, na hapa nitakuwa mkali. Mashine ya kukereza haina huruma na nguo. Usivae glavu, usivae kanzu, msuli wala shati la mikono mirefu iliyofunguka. Nywele ndefu zifungwe ndani ya kofia, pete na saa zibaki mezani. Glavu inayokulinda kwenye kuchomelea ndiyo itakayouvuta mkono wako hapa. Maranda ya chuma yanayotoka kama utepe usiyavute kwa kidole, yanakata kama wembe, tumia ndoano. Na ufunguo wa chaki usiuachie hata sekunde ukiwa bado uko kwenye chaki. Atakayewasha mashine na ufunguo mle ndani atarushiwa risasi.

Kosa langu kubwa halikuwa la damu, lilikuwa la joto. Shafti ya kwanza niliyomkerezea mtu niliimaliza saa moja jioni. Nikapima papo hapo: 25.010, katikati ya dirisha. Nikalala kifalme. Asubuhi beringi ikaingia kwa kidole. Nikapima: 24.998. Shafti ilikuwa ya moto kutokana na kukatwa, labda nyuzi 40 juu ya hewa. Chuma hutanuka kwa maikroni 11 na kitu kwa kila mita kwa kila nyuzi moja. Ni kidogo, lakini kwa kipenyo cha mili 25 na nyuzi 40 inafika maikroni 11 au 12, karibu dirisha zima. Vipimo vya uhandisi duniani vimewekwa kwa nyuzi 20. Tanga haijui nyuzi 20. Bahati nzuri maikromita nayo ni ya chuma. Vyote viwili vikilala kwenye meza moja hadi vipoe sawasawa, vinatanuka pamoja na kosa linafutika. Tangu siku hiyo, kazi ikikaribia mwisho naiweka kando, nachemsha chai.

Baada ya chai, mikato mitatu ya mwisho naifanya ya kina kimoja. Kisu na kazi vinasukumana na kupinda kidogo. Ukikata kina tofauti, vinapinda tofauti, na namba ya kwenye mpini inakudanganya. Mikato miwili ikishakuambia mpini unaposema hivi kipenyo kinapungua hivi, wa tatu unauamini. Na kumbuka kisu kinakata pande zote mbili: ukikiingiza robo ya mili, kipenyo kinapungua nusu mili. Kila mwanafunzi huharibu kipande kimoja kwa kusahau hili, na bora akiharibu mapema. Ukipitiliza mpini, usirudishe kidogo tu. Skrubu imelegea, mpini utageuka bila kisu kusogea. Rudi nyuma mzunguko mzima, kisha uje tena mbele.

Kasi ya kuzungusha watu huifanya uchawi, kumbe ni hesabu ya darasa la tano. Kwa chuma laini na kisu cha kawaida, gawa 8,000 kwa kipenyo cha mili. Mili 25 inakupa mizunguko 320 kwa dakika. Kwa mili 10 ni 800. Ukizidisha sana kisu kinageuka bluu na kupoteza makali.

Chuma chenyewe cha shafti ya mama nilikitoa kwenye pau ya kaboni ya wastani, ile ya C45 yenye kaboni karibu asilimia 0.45. Nondo usithubutu, nyingi zimetokana na chakavu cha kila aina, ukikereza kisu kinapita ulaini ghafla kinakutana na jiwe. Shafti za magurudumu ya malori ni chuma kizuri, ila ngozi yake imefanywa ngumu makusudi na kisu cha kawaida kinaitelezea tu. Usiyejua umeokota nini, peleka kwenye grenda utazame cheche. Chuma laini hutoa mistari mirefu ya rangi ya majani makavu, haipasuki sana. Chuma chenye kaboni nyingi, kama tupa ya zamani, cheche zake hupasuka kama fataki. Chuma cha kusubu hutoa cheche fupi nyekundu. Aluminiamu haitoi cheche, na usiipeleke kwenye jiwe la grenda hata kidogo, inaziba jiwe na jiwe lililozibwa hupasuka.

Nimetumia nafasi kubwa kwenye shafti moja, kwa hiyo vifaa nitavipitia haraka. Mtu akitaka kuanza nyumbani, asianze na mashine. Aanze na jiliwa nzito iliyofungwa kwenye meza isiyotikisika, tupa tatu, vernia, maikromita ya mili 0 hadi 25, na keekee ya kusimama. Mashine ya kukereza ije baadaye, na hapo uzito ni sifa: zile ndogo mpya za kilo 40 zinafanya kazi za shaba na aluminiamu vizuri, kwenye chuma zinatetemeka. Za zamani ni nzito na za bei nzuri zikipatikana, ila nyingi zina mota ya fezi tatu na nyumbani una fezi moja. Hilo lina dawa, kifaa kinaitwa inveta. Kinapokea umeme wa volti 230 wa nyumbani na kutoa fezi tatu, na kwa mota ya nguvu za farasi mbili au tatu inayokubali kufungwa kwa volti 230 kinatosha. Tena kinakupa uwezo wa kubadili kasi kwa kitufe. Fundi umeme anayejua ndiye akufungie. Na sisi wa pwani tuna adui wa ziada, chumvi ya hewani. Kitanda cha mashine ukikiacha bila mafuta usiku mmoja wa masika, asubuhi kina rangi ya ugoro.

Sasa lile swali la kulipa. Nikitengeneza beringi moja, ingenigharimu wiki na isingezunguka. Dukani inauzwa kwa bei ya kuku, kwa sababu kiwanda kimetengeneza mamilioni na gharama ya kuandaa mashine imegawanywa kwa mamilioni hayo. Kwa hiyo sheria ya kwanza ya karakana ya nyumbani ni kutotengeneza kinachouzwa dukani. Lakini shafti ya mashine ya kusaga ambayo aliyeiunda ameshafunga kiwanda haipo dukani kabisa. Hapo hesabu inageuka. Kiwanda hakiwashi mashine kwa ajili ya kipande kimoja, mimi nawasha. Bushi ya pampu ya kisima, puli ya saizi ya ajabu, skrubu ya cherehani ya mwaka arobaini na saba, pini ya kiti cha wagonjwa, vyote ni kipande kimoja kimoja, na kila kimoja kimesimamisha kitu kikubwa chenye thamani mara mia. Mama alikuwa anaambiwa anunue mashine nzima kwa sababu ya kikalio cha mili 15.

Tena pesa nyingi sizipati kwenye kukereza. Karibu nusu ya wanaokuja nawarudisha bila kuwasha mashine. Nimepima, nimewaambia beringi uliyouziwa ina tundu kubwa kuliko kipimo, irudishe. Au shafti yako ni nzima, kilicholika ni nyumba ya beringi. SIDO, shirika la viwanda vidogo, tangu 1973 na VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi, tangu 1994 wamefundisha wengi kushika mashine, na wanafunzi wao nawapokea kwa furaha. Wanachokosa si maarifa, ni saa za kukosea chuma cha bei rahisi bila mteja kusubiri mlangoni. Kibanda cha uani kinafaa kwa hilo kuliko kitu kingine chochote: unaharibu, hakuna anayeona, unachemsha chai, unaanza upya.

Shafti ya mama ilipopoa ilisoma 25.008 upande mmoja na 25.011 upande wa pili. Beringi hatukuzigonga. Beringi zenye mpira pembeni huwa sizitumbukizi, ila zake zilikuwa wazi, kwa hiyo niliweka sufuria ya mafuta juu ya jiko la mkaa, nikazitundika kwa waya zisiguse chini, nikiangalia kipimajoto kisivuke nyuzi 110. Kwa joto hilo tundu linatanuka maikroni zaidi ya 20. Nikaishika ya kwanza kwa koleo, nikaipeleka kwenye shafti baridi. Ikaingia yenyewe, tik, hadi kwenye bega. Ukihesabu hadi kumi, haitoki tena.

Siku ya kuifunga nilikwenda naye kwenye mashine. Ilipowaka nikachukua bisibisi ndefu, nikaweka ncha kwenye nyumba ya beringi na mpini sikioni, namna mafundi tunavyosikiliza. Mama akanitazama, akaniomba bisibisi, akasukuma mtandio nyuma, akainama akasikiliza na yeye, kwa muda mrefu.

"Mbona sisikii kitu, fundi?"

"Ndiyo hicho, mama."